Mwelekeo Mmoja, Matundu Matano

Jumamosi moja mwishoni mwa Julai niliweka kosa jekundu juu ya jibu ambalo halikuwa na dosari yoyote. Nafundisha masomo ya ziada ya Hisabati kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita katika chumba cha kupanga eneo la Mwanga, hapa Kigoma mjini, na zoezi la siku hiyo nilikuwa nimelisahihisha usiku wa kuamkia, karatasi yangu ya majibu ikiwa kushoto na daftari za wanafunzi kulia, nikilinganisha namba kwa namba. Kulinganisha huko ndiko kulikoniponza.

Swali nililitunga mwenyewe. Kuna mstari unaopita katika nukta P(3, −1, 5) na Q(7, −3, 11). Andika mlinganyo wa mstari mwingine ulio sambamba nao na unaopita katika nukta A(1, −2, 4). Karatasi yangu ilisema (x − 1)/2 = (y + 2)/(−1) = (z − 4)/3. Binti mmoja anayekaa dawati la nyuma, ambaye si mwepesi wa kunyoosha mkono, alikuwa ameandika (x − 5)/(−4) = (y + 4)/2 = (z − 10)/(−6). Hakuna hata namba moja iliyokaa mahali ilipokaa yangu, kwa hiyo niliweka kosa, nikafunua ukurasa, nikaendelea na daftari iliyofuata.

Kipindi kilipokwisha alinifuata mezani. "Mwalimu, samahani, naomba unioneshe hapa nimekosea wapi." Nilianza kumweleza kabla sijasoma alichoandika, tabia ambayo walimu huiota taratibu kadiri miaka inavyokwenda, kisha nikanyamaza katikati ya sentensi kwa sababu macho yalikuwa yameshuka hadi kwenye hesabu zake za pembeni.

Alikuwa amefanya hivi. Kutoka P kwenda Q unasogea hatua 4 upande wa x, unarudi nyuma hatua 2 upande wa y, unapanda hatua 6 upande wa z. Namba hizo tatu, (4, −2, 6), ndizo vekta ya mwelekeo. Badala ya kuziandika moja kwa moja chini ya sehemu kama nilivyozoea kuwafundisha, yeye alisimama kwenye A na kutembea hatua hizohizo, akafika kwenye nukta mpya B(5, −4, 10). Kwa kuwa safari ya A kwenda B ni nakala ya safari ya P kwenda Q, alijua kwamba AB ni sambamba na PQ. Kisha, kwa sababu alizozijua mwenyewe, alisimama B akatazama nyuma alikotoka, na mwelekeo wa kurudi ukawa (−4, 2, −6). Jibu lake limeanzia B na kuelekea A. Langu lilianzia A, nikagawa mwelekeo kwa 2 ili namba ziwe ndogo. Mstari ni uleule. Ukitaka kuhakikisha, weka namba za A katika mlinganyo wake: (1 − 5)/(−4) ni 1, (−2 + 4)/2 ni 1, (4 − 10)/(−6) ni 1. Zote tatu zimekubaliana, kwa hiyo A imo ndani. Na asili zake, yaani namba za chini ya sehemu, −4, 2 na −6, ni zangu zilizozidishwa kwa −2. Hakuna kingine cha kukagua.

Nilimrudishia alama zake papo hapo, lakini jambo hilo lilinisumbua, maana kosa langu halikuwa la uchovu wa usiku peke yake. Nilikuwa nimesahihisha kana kwamba mstari katika nafasi ya vipimo vitatu una mlinganyo wake mmoja, kama mtu alivyo na cheti kimoja cha kuzaliwa. Hauna. Nukta yoyote iliyo juu ya mstari inaweza kuwa mwanzo, na vekta ya mwelekeo inaweza kurefushwa, kufupishwa au kugeuzwa nyuma mbele, mradi tu isizidishwe kwa sifuri. Kwa hiyo majibu sahihi ya swali langu hayana idadi, nami nilikuwa na moja tu kwenye karatasi.

Mazoea haya tunayatoa kwenye bapa. Mwanafunzi anapokutana na mistari sambamba kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba mteremko ni mmoja: y = 2x + 1 na y = 2x − 7 ni sambamba kwa sababu zote zina 2 mahali pamoja. Ukiandika hivyo, mstari una sura moja tu, na mwalimu anaweza kulinganisha majibu kwa macho. (Neno bapa nalipenda. Kila aliyewahi kushika panga anaujua ubapa wake, nami sihitaji kueleza zaidi ya hapo kwamba ni uso ulionyooka usio na mwisho.) Tukihamia kwenye vipimo vitatu, mteremko mmoja hautoshi, kwa sababu mstari unaweza kupanda huku unakwenda mashariki na wakati huohuo unakwenda kusini, na hakuna namba moja inayoweza kubeba habari zote hizo. Ndiyo maana tunabeba namba tatu kwa pamoja na kuziita vekta.

Mazoea ya pili ni mabaya zaidi kwa sababu yanaonekana kuwa ya kweli: kwamba mistari isiyokutana ni sambamba. Euclid, aliyefundisha Alexandria nchini Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alipoeleza maana ya mistari sambamba hakusema tu kwamba haikutani hata ikirefushwa pande zote mbili. Alitanguliza sharti kwamba mistari hiyo iwe katika bapa moja. Wanafunzi wengi hulimeza sharti hilo bila kulitafuna. Nikiwauliza, hunijibu "isiyokutana" na kuishia hapo.

Mimi mwenyewe nililielewa vizuri juu ya nyumba. Ninajenga taratibu huko Mwandiga, na siku fundi alipopandisha kenchi nilikaa chini ya mwembe nikimtazama. Mgongo wa paa unakwenda kwa urefu wa nyumba, juu kabisa. Msingi wa ukuta wa upande mfupi unakwenda kwa upana wa nyumba, chini kabisa. Irefushe mistari hiyo miwili hadi Uvinza ukitaka, haitakutana kamwe, kwa sababu mmoja uko mita 5 juu ya mwingine kila mahali. Hata hivyo hakuna fundi duniani atakayekuambia kwamba mgongo wa paa na msingi huo ni sambamba. Imepishana tu, kila mmoja na njia yake na mwelekeo wake. Katika bapa jambo hilo haliwezekani; katika nafasi tunayoishi ndilo la kawaida zaidi, maana ukichukua mistari miwili bila kuchagua, karibu kila mara itakuwa imepishana hivyo.

Kenchi zenyewe ndizo zilizo sambamba, na namna fundi anavyozisimamisha ni somo tosha. Aliweka ya kwanza na ya mwisho, akavuta uzi kati yake, kisha kila kenchi ya katikati akaipandisha kwa kupima umbali uleule pale chini ukutani na uleule pale juu. Hakupima pembe ya kila moja upya. Alihamisha ileile, kama yule binti alivyohamisha safari ya P kwenda Q. Nami chini ya mwembe nikaandika: mguu wa kenchi ya kwanza unaanzia kwenye ukuta, nukta (0, 0, 3), na kufika kwenye mgongo, nukta (4, 0, 5), kwa hiyo mwelekeo ni (4, 0, 2), au kwa ufupi (2, 0, 1). Kenchi ya pili iko mita 1.2 mbele, inaanzia (0, 1.2, 3). Ya tatu inaanzia (0, 2.4, 3). Mwelekeo haubadiliki, kinachobadilika ni nukta ya kuanzia.

Hapa kuna mtego. Ukijaribu kuandika kenchi ya pili kwa mtindo wa sehemu tatu zilizo sawa, utajikuta umeandika (y − 1.2)/0. Viko vitabu vinavyoruhusu sifuri hiyo kukaa chini kwa makubaliano kwamba ina maana ya y kutobadilika, nami sivilaumu, lakini darasani kwangu siruhusu, kwa sababu nimetumia miaka kuwaambia wanafunzi haohao kwamba hakuna kugawa kwa sifuri na sitaki kuanza kuwawekea visingizio. Andika x/2 = z − 3, pamoja na y = 1.2, na mambo yameisha. Au tumia parameta, yaani namba moja t inayobadilika na kuziongoza zote tatu: x = 2t, y = 1.2, z = 3 + t. Mtindo wa parameta ndio ninaoupenda zaidi kwa ujumla, kwa sababu haukwami popote, na kwa sababu t ina sura ya saa: t ikiwa 0 uko ukutani, ikiwa 2 uko kwenye mgongo wa paa.

Jumamosi hiyohiyo, baada ya kurudisha alama, nilitaka darasa zima lione jambo hilo kwa macho, na kwa bahati chumba chetu kina kasoro inayofaa. Kimeezekwa kwa bati zilizotoka kwenye nyumba nyingine, kwa hiyo kina matundu ya misumari yasiyo na misumari: manne juu, na la tano kwenye ukuta wa magharibi, mahali ambapo tofali limemeguka. Wakati wa mvua ni kero tupu. Wakati wa kiangazi, ilipokaribia saa tisa na nusu alasiri na vumbi la chaki na la barabarani limejaa hewani, miale mitano ilikuwa imesimama mle ndani kama fito, kila mmoja ukianzia kwenye tundu lake na kuishia kwenye doa la mwanga sakafuni. Jua liko umbali wa takriban kilomita milioni 150, na matundu yetu yameachana kwa mita chache. Kwa hiyo miale inayotoka katikati ya jua na kupita kwenye matundu mawili tofauti ni sambamba kwa kiwango ambacho hakuna futikamba itakayokipinga.

Tulichagua kona ya kusini-magharibi ya sakafu kuwa nukta (0, 0, 0), x ikienda mashariki, y kaskazini, na z juu. Kijana mmoja alipanda kwenye ngazi ya mwenye nyumba na kuning'iniza jiwe lililofungwa kwa uzi, timazi ya kienyeji, ili tujue kila tundu liko juu ya sehemu gani ya sakafu. Namba nitakazozitaja nimezikata kidogo zikae sawa. Tundu la kwanza lilikuwa (2, 3, 4), kwa mita, na doa lake lilikuwa (5, 1, 0). Mwelekeo wa mwale, basi, ni (3, −2, −4): unakwenda mashariki 3, kusini 2, na kushuka 4. Ni mwelekeo unaoingia akilini, maana mwezi wa saba jua letu la alasiri huwa upande wa kaskazini-magharibi.

Niliwauliza: tundu la pili liko (2, 5, 4), kwenye papi ileile, bila kutazama sakafu, doa lake liko wapi? Walijibu haraka, (5, 3, 0), na lilikuwa hapo. Hilo lilikuwa rahisi kwa sababu matundu yalikuwa kwenye kimo kimoja. Tundu la ukutani ndilo lililowafikirisha, kwa kuwa lilikuwa (0, 4, 2), kimo cha mita 2 tu. Wengine walijumlisha (3, −2, −4) nzima na kupata nukta iliyo mita 2 chini ya sakafu, yaani doa lililozikwa. Hapo parameta ikajitetea yenyewe: x = 3t, y = 4 − 2t, z = 2 − 4t; sakafu ni z = 0, kwa hiyo t ni nusu, na doa linapaswa kuwa (1.5, 3, 0).

Halikuwa hapo. Lilikuwa limesogea mashariki kwa zaidi ya sentimita 10, na darasa likafurahi, kama wanafunzi wanavyofurahi mwalimu anapoumbuka. Ilinichukua muda kung'amua. Kati ya kupima doa la kwanza na kubishana kuhusu tundu la ukutani zilikuwa zimepita kama dakika 10, na dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kila dakika 4. Mwelekeo wetu ulikuwa umegeuka kwa nyuzi 2 na nusu huku sisi tunaendelea kuutumia ule wa zamani. Tulirudia. Kila doa lilipata mtu wake mwenye chaki, nikasema "Sasa!", wote wakaweka alama kwa pamoja, na safari hii tofauti iliyobaki ilimezwa na upana wa doa lenyewe, kwa kuwa jua si nukta bali ni duara lenye upana wa karibu nusu ya nyuzi, na mwale unavyorefuka ndivyo doa linavyotanuka.

Yule binti ndiye aliyeuliza swali la mwisho, na lilikuwa zuri kuliko yangu. "Mwalimu, kama mstari wa kwanza haukutolewa kwa nukta mbili wala kwa sehemu, bali kwa milinganyo miwili ya bapa, mwelekeo nautoa wapi?" Ni hali inayokuja kwenye mitihani, na wengi huikimbia. Chukua x + y − z = 2 pamoja na 2x − y + z = 1. Kila mlinganyo peke yake ni bapa, si mstari, na hili nalisisitiza kila mwaka kwa sababu kila mwaka kuna anayeniandikia mlinganyo mmoja wenye x, y na z akidai ni mstari. Mstari wetu ni pale bapa mbili zinapokatana, kama kona ya kuta mbili. Ili kupata mwelekeo, ondoa 2 na 1 upande wa kulia, weka sifuri, kisha utafute a, b, c zinazokubali a + b − c = 0 na 2a − b + c = 0. Ukijumlisha, 3a = 0, kwa hiyo a ni 0, na b ni sawa na c. Mwelekeo ni (0, 1, 1).

Lakini kama unachotaka ni mstari sambamba unaopita katika A(1, −2, 4), huhitaji hata kuutafuta mwelekeo. Acha upande wa kushoto wa kila mlinganyo kama ulivyo, weka namba za A, uone upande wa kulia unakuwa nini: 1 − 2 − 4 ni −5, na 2 + 2 + 4 ni 8. Mstari sambamba ni x + y − z = −5 pamoja na 2x − y + z = 8. Umezisukuma kuta zote mbili bila kuzizungusha, hadi kona yake ikapita kwenye A. Jambo hili ni ndugu wa lile la bapa, ambapo 3x + 2y = 7 hubadilika kuwa 3x + 2y = k kwa ajili ya mstari sambamba, na sijui kwa nini nilifundisha miaka mingi bila kuyaweka ubao mmoja.

Nimebakiza tahadhari moja. Kabla ya kushangilia, hakikisha nukta uliyopewa haimo tayari kwenye mstari wa mwanzo. Kama ningewapa (5, −2, 8) badala ya A, wangepata mlinganyo mzuri wa mstari "sambamba" ambao ni PQ yenyewe, kwa kuwa nukta hiyo iko katikati kabisa ya P na Q. A iko salama: kutoka P kwenda A ni (−2, −1, −1), ambayo si (2, −1, 3) iliyozidishwa kwa chochote. Anayetaka umbali kati ya mistari hiyo miwili atapata kipeuo cha pili cha 24/7, karibu 1.85.

Karatasi yangu ya majibu sasa haina jibu la swali hilo. Ina maneno mawili: asili kwanza, kisha A. Nikishaona kwamba asili za mwanafunzi zina uwiano wa 2 : −1 : 3, naweka namba za A katika mlinganyo wake, zikikubali, naweka vema, hata kama ameanzia kwenye nukta ambayo mimi sikuwahi kuiota. Kusahihisha kunachukua muda mrefu zaidi. Wiki iliyofuata nilikuta mwenye nyumba ameziba matundu matatu ya juu kwa lami, akidhani ananisaidia, nami nilimshukuru. Tumebaki na la kwanza, (2, 3, 4), na la ukutani.